Mashine ya karanga: Mlimani au Gerezani?

Shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, ya mashine yako ya kusaga karanga ikikatika na oda ni ya kesho, nenda Gerezani, kwa mafundi chuma wa jijini Dar es Salaam. Fundi ataikereza ukisubiri, vumbi la chuma likikurukia miguuni, na jioni unasaga. Bei mnapatana palepale, na ikisumbua tena unamrudia.

Ila ikikatika mara ya tatu palepale, kosa liko kwenye usanifu. Hapo wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ndio wenye nguvu: watapima mzigo na kukuchorea mchoro ambao fundi yeyote ataufuata. Chuo ni cha umma, lakini uliza mapema gharama za vyuma, na usitegemee haraka wakati wa mitihani. Mimi ningeenda huko kama nataka kuunda mashine kumi za kuuza.