Miezi minne na bodi ya PCA9685: uzoefu wangu na kaa wa mota 16

Kaa wangu ni roboti niliyemuunda mwenyewe, ana miguu sita na magando mawili. Kila mguu una mota mbili za sevo, yaani mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru na kubaki hapo, kila gando vivyo hivyo, jumla 16. Kaa wa kweli wa mikokoni, hawa tunaowaona matopeni Tudor, hapa Mombasa, maji yakipwa, ana miguu minane ukiacha magando. Wangu nilimpunguzia miwili ili aenee kwenye bodi moja, maana PCA9685, bodi ya kuongozea mota, ina chaneli 16, kila mota na yake.

Kabla ya hapo mota zilikuwa zimechomekwa moja kwa moja kwenye Arduino Uno, ile kompyuta ndogo ya bodi moja inayobeba programu ya kaa. Maktaba ya Servo, yaani msimbo ulio tayari wa kuendesha mota hizi, huendesha mota 12 tu kwenye Uno, kwa hiyo magando yalikaa bila kazi. Na hata hizo 12 zilitetemeka usiku kucha kama mtu mwenye homa.

Bodi yenyewe ilinigharimu chini ya bei ya mota nne ndogo za SG90. Kazi yake ni moja na inaifanya vizuri. Mota ya sevo haitosheki na amri ya mara moja. Hutaka mpigo wa umeme kila milisekunde 20, na urefu wa mpigo ndio unaoiambia isimame wapi. Milisekunde 1.5 ni katikati. Chipu ya PCA9685 inapiga mipigo hiyo yenyewe. Arduino huipa neno kwa nyaya mbili tu za I2C (njia ya chipu kuzungumza), SDA na SCL, nayo hulishika neno hilo mpaka upeleke jingine, hata kama Arduino imeshughulika kusoma vihisi. Kila milisekunde 20 imegawanywa hatua 4096, yaani hatua moja haifiki mikrosekunde 5. Katikati ni hatua 307. Miguu ya kaa wangu sasa inakwenda taratibu, bila kurukaruka, na hilo peke yake lilinifurahisha sana.

Lakini usiku wa kwanza haukuwa hivyo. Nilitumia chaja ya simu ya ampea 2 kulisha kila kitu, bodi, Arduino na mota. Mguu mmoja sawa. Miwili sawa. Nilipomwamuru kaa ainuke kwa miguu yote sita, alinyanyuka kidogo, akaanguka, na Arduino ikazima na kuwaka upya. Nilibadilisha programu mara tatu nikidhani kosa liko kwenye msimbo.

Asubuhi nilivuka daraja la Nyali na kaa wangu ndani ya boksi la viatu, nikampelekea mzee mmoja fundi wa redio Mwembe Tayari.

“Ami, zinatetemeka kisha zinakufa,” nikamwambia.

Hakutazama hata laptopu. Alishika waya wa chaja, akaupima kwa vidole. “Mwanangu, bodi yatoa amri tu, haitoi nguvu. Hizi mota zala nini?”

Zala nyingi. SG90 moja iliyokwama hunyonya karibu miliampea 650. Zidisha kwa 16, umeshapita ampea 10. Kweli hazikwami zote kwa pamoja, lakini wakati wa kuinuka miguu yote hubeba uzito kwa mara moja, na volti huporomoka hapo hapo.

Ndipo nikaielewa bodi. Ina njia mbili za umeme: VCC ya kulisha chipu, na V+ ya kulisha mota. Usiziunganishe. VCC inatoka kwenye Arduino; V+ inatoka kwenye chanzo chake chenye nguvu. Waya wa hasi pekee ndio wa pamoja kwa wote, na ukisahau huo, mota zitacheza ovyo kwa sababu amri haina pa kuegemea. Mzee alinipa pawa saplai ya kompyuta kuukuu ya mezani, yenye ampea 20 kwenye volti 5. Huwaka ukiunganisha waya wa kijani na mweusi. Niliongeza kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye V+, na kaa akainuka. Akasimama.

Skrubu mbili za V+ naziona ndogo kwa mzigo wa mota 16. Mimi waya nyekundu za mota za miguu nimezitoa nje ya bodi, zinakula moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai; bodi inazipa ishara tu. Nashauri hivyo kwa yeyote anayepita mota nane, na mwenye mota kubwa za MG996R asifikirie njia nyingine.

Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza, saa ya ndani ya chipu hutajwa kuwa megahezi 25 lakini yangu inakimbia zaidi, hivyo mipigo ilitoka mifupi kuliko nilivyoomba. Maktaba ya Adafruit ina sehemu ya kurekebisha namba hiyo. Hata baada ya hapo nilikaa jioni mbili nikipima mwanzo na mwisho wa kila mota, maana hakuna mbili zinazofanana, na ukiisukuma mota kupita mwisho wake inaunguruma, inapata moto na kula gia zake za plastiki. Pili, pini za chaneli ya 13 zililehemiwa vibaya. Nilirudia mwenyewe.

Na hili ni la sisi watu wa pwani: mwezi wa pili pini za I2C zilishaota ukoga wa kijani kwa hewa ya chumvi, na kaa akawa anagoma ghafla. Nilisugua kwa spiriti, nikapaka migongo ya viungo vya lehemu rangi ya kucha ya dada yangu, ile isiyo na rangi. Mpaka leo safi.

Kwa mota mbili au tatu sioni haja ya kuinunua, Arduino inatosha. Kuanzia sita, nunua, lakini pesa nyingi weka kwenye umeme. Mimi naongeza bodi ya pili: unalehemu alama ya A0, anwani ambayo Arduino huitambua bodi kwayo inatoka 0x40 kuwa 0x41, na nyaya za I2C ni zile zile mbili. Kaa anarudishiwa miguu yake miwili.