Treni za Italia na gari la kukodi Toscana: tathmini ya safari ya siku 12

Mwezi Mei uliopita mimi na mke wangu tulitoka Dar es Salaam kwenda Italia kwa mara ya kwanza, tukiwa na siku 12 za likizo na ubishi ambao haukuisha hadi tulipokata tiketi za ndege: yeye alitaka tuzunguke kwa treni mwanzo mpaka mwisho, nami nilitaka nishike usukani tangu tunatua hadi tunaondoka. Tukaafikiana kugawana, treni kwa miji mikubwa na gari la kukodi kwa vilima vya Toscana, na hizo ndizo huduma mbili ninazozitathmini hapa. Treni naziandikia alama tisa kati ya kumi. Gari naliandikia saba, na hizo saba zimetokana na jambo moja tu, kwamba tulilichukua baada ya kumalizana na miji mikubwa. Kama tungelichukua Roma, ningeliandikia tatu.

Ratiba yetu ilikuwa nyepesi: tulilala Roma mara tatu, Firenze mara mbili, vijijini kusini mwa Siena mara nne, na Venezia mara mbili. Tiketi ya ndege ilikuwa ya kuingilia Roma na kutokea Venezia, jambo lililotuondolea kurudi nyuma tulikotoka. Naandika majina kama Waitaliano wenyewe wanavyoyaandika kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye mbao za stesheni, na mgeni anayetafuta neno Florence badala ya Firenze kwenye ubao wa Roma Termini atasimama hapo mpaka treni yake iondoke.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, mipango haianzii kwenye ramani bali kwenye viza ya Schengen. Ombi huanza kupokewa miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima iwe ya angalau yuro 30,000. Mtego uko hapa: tiketi za treni za kasi huuzwa kama tiketi za ndege, bei ikipanda kadiri siku inavyokaribia, na zile za bei ya chini kabisa, zinazoitwa Super Economy, hazirudishiwi fedha wala hazibadilishwi tarehe. Ukizinunua kabla ya viza kutoka unacheza kamari, na ukichelewa unalipa bei ya walioamka asubuhi hiyo wakaamua kusafiri. Sisi tuliomba viza mapema kwa makusudi, tukaweka nafasi za hoteli zinazoweza kufutwa, na usiku ule pasipoti ziliporudi tukanunua tiketi zote za treni za kasi kwa mpigo. Treni za kawaida za mikoani, yaani Regionale, hazihitaji haraka hiyo kwa kuwa nauli yake haibadiliki, hata ukinunua dakika kumi kabla ya kuondoka.

Reli ya kasi ya Italia ina kampuni mbili zinazogombania abiria juu ya njia moja: Trenitalia, ambayo ni ya serikali na ndiyo yenye treni za Frecciarossa, na Italo, kampuni binafsi iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2012. Faida ya ushindani huo tuliiona mfukoni. Kwa safari ileile na saa zinazokaribiana tulikuta bei zimepishana vya kutosha kulipia chakula cha mchana cha watu wawili, kwa hiyo namshauri kila mtu afungue kurasa za kampuni zote mbili kabla ya kulipa. Roma hadi Firenze ni mwendo wa kama saa moja na nusu, Roma hadi Napoli saa moja na dakika chache, na Roma hadi Milano saa tatu. Hakuna gari litakalokupa muda huo, achilia mbali mahali pa kuliegesha ukifika.

Aliyezoea SGR yetu, ambako mizigo hupitishwa kwenye mashine na abiria hutakiwa kuwahi, atashangaa. Pale Termini unaonyesha tiketi kwenye lango, lango linafunguka, umemaliza. Sisi tulifika dakika 50 kabla na hatukuwa na la kufanya ila kutazama ubao wa Partenze, yaani wa treni zinazoondoka, ambao huonyesha saa, namba ya treni na kituo cha mwisho, lakini safu ya jukwaa hubaki tupu hadi dakika chache kabla ya kuondoka, na namba ikitokea tu umati wote unasogea kwa pamoja. Tulimtafuta Firenze kwenye ubao huo hatukumwona. Treni yetu iliandikwa Venezia S. Lucia, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa ikiishia, na Firenze kilikuwa kituo cha njiani tu. Tangu hapo tulifuata namba ya treni na kuachana na jina la mji.

Ndani ya behewa kila mtu ana kiti chake chenye namba, na mwendo ni wa utulivu hata treni ikiwa katika kilomita 250 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu kwenye njia ya Roma na Firenze. Njia mpya zaidi zinaruhusu 300. Siku ya kwenda Venezia mke wangu alikaa dirishani na simu mkononi akisubiri kuipiga picha milima ya Apennini, na milima hiyo haikutokea, kwa sababu njia kati ya Firenze na Bologna karibu yote imechimbwa ndani ya mahandaki. Alama moja niliyowakata ni ya nafasi ya masanduku makubwa, ambayo ni finyu, na ya treni moja iliyochelewa dakika 25 bila maelezo ya kueleweka.

Mambo mawili ya treni yanataka uangalifu. Tiketi ya karatasi ya Regionale lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo iliyopo jukwaani kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakutoza faini hata kama umelipa nauli. Pili ni migomo, ambayo Waitaliano huiita sciopero na huitangaza mapema. Siku za kazi treni za mikoani zina saa zinazolindwa dhidi ya mgomo, yaani kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku.

Sasa gari. Kampuni tuliyokodi kwake sitaitaja, na sehemu kubwa ya niliyoyaona mezani kwake wasafiri wengine wameyaona kwingine. La kwanza ni kadi. Walitaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili wazuie dhamana, na kadi nyingi tulizonazo huku kwetu ni za kutumia fedha iliyopo kwenye akaunti. Kijana aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alirudishwa kwa sababu hiyo hiyo, na malipo aliyokwishafanya mtandaoni hayakumsaidia. La pili ni kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho kwa leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya kinatakiwa pamoja na leseni yenyewe, na hupatikana nyumbani kabla ya kuondoka. La tatu ni bima. Bei ya mtandaoni ina bima, lakini pia ina kiasi ambacho wewe utabeba gari likiharibika, na mhudumu alitumia robo saa nzima kututisha kwa kiasi hicho ili tununue bima ya ziada kwa bei iliyokaribia nusu ya kodi yenyewe. Soma masharti ukiwa nyumbani, uamue ukiwa nyumbani.

Jambo tulilolipatia ni mahali pa kulichukulia. Ofisi nyingi za kukodi magari Firenze ziko mtaa wa Borgo Ognissanti, jirani kabisa na eneo ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi. Sisi tulipanda tramu ya T2 kutoka stesheni ya Santa Maria Novella hadi uwanja wa ndege wa Peretola, kama dakika 20, tukachukua gari huko na kuingia moja kwa moja kwenye barabara kuu bila kuugusa mji.

Kuendesha upande wa kulia si kugumu kama nilivyohofia. Mikono ndiyo iliyokataa kujifunza. Katika magari yetu ya Kijapani indiketa iko kulia mwa usukani, huku iko kushoto, na kwa siku mbili kila nilipotaka kukata kona niliwasha waipa kwenye jua kali. "Baba Asha, mvua imeanza tena?" mke wangu akawa ananiuliza. Kipilefti nacho unakizunguka kwa kulia, hata jina lenyewe linakuwa uongo.

Barabara ya Firenze hadi Siena haina malipo, ila ni nyembamba na ina kona nyingi. Ile kuu ya A1 unachukua karatasi langoni na kulipa unapotokea; epuka njia zenye alama ya njano ya Telepass, ambazo ni za magari yenye kifaa maalumu, ufuate zenye picha ya fedha au kadi. Mwendo wa juu huko ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha ni 110. Mistari myeupe ya maegesho ni ya bure, ya buluu ya kulipia, ya njano si yako. Kwenye kituo cha mafuta, gasolio ni dizeli.

Na baada ya hayo yote, gari lilijilipa. Bonde la Orcia, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004, halina treni ya kukufikisha Pienza wala basi la kukusubiri ukitaka kusimama. Tulisimama tulipotaka: kwenye kijiji cha Bagno Vignoni, ambacho katikati yake, mahali pa uwanja, pana bwawa la maji ya moto, kwenye duka la jibini la kondoo huko Pienza, ambako mwenye duka alitukatia vipande vitano vya umri tofauti kabla hatujanunua kimoja, na mara kadhaa pembeni ya mashamba ya ngano, bila sababu.

Kosa letu lilikuwa moja. Tukitafuta hoteli jioni, nilifuata maelekezo ya simu na kupita chini ya kibao cheupe chenye duara jekundu, kilichoandikwa Zona Traffico Limitato, yaani eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi. Hakuna trafiki aliyetusimamisha, na hoteli ilikuwa mita 100 mbele. Laiti ningewapigia simu kwanza, wangeweza kuisajili namba ya gari letu. Kamera ilituona. Mwezi Septemba kampuni ya gari ilikata yuro 45 kwenye kadi yangu kama ada ya kuwapa polisi jina langu tu. Faini yenyewe haijafika. Sheria ya Italia inawapa siku 360 za kuifikisha kwa mtu anayeishi nje ya nchi, na mke wangu, ambaye tangu mwanzo alitaka treni, anazihesabu.