Godoro la hewa la kuzuia vidonda vya kulala muda mrefu: lafaa, ila halimgeuzi mzee

Hili ni lile la viputo na pampu ndogo ya umeme, linalowekewa wazee wasioinuka kitandani. Viputo hujaa na kupungua kwa zamu, kila baada ya dakika chache, ili mfupa mmoja usikandamizwe muda wote. Hutandikwa juu ya godoro la kawaida, kamwe si juu ya mbao tupu.

Kosa kubwa ni kitufe cha uzito, kile cha pampu kinachowekwa kulingana na kilo za mzee. Wengi hukizungusha hadi mwisho, godoro likawa gumu kama jamvi. Pitisha kiganja chini ya godoro hilo, usawa wa makalio: ukiusikia mfupa, hewa haitoshi. Juu yake shuka moja tu. Khanga tatu na nailoni huharibu kazi yote, na kwa joto la Dodoma mzee analowa jasho.

Vumbi la kiangazi huziba kichujio cha pampu, kipanguse kila wiki. Umeme ukikatika, kunja mipira ya kupitishia hewa na uifunge kwa kamba, hewa isitoke haraka.

Visigino havisaidiwi sana. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, kisigino kining'inie.

Wauzaji husema muuguzi atapumzika. Si kweli. Kugeuza bado kunahitajika, kwa kawaida kila saa 2. Wazee 12, dakika 10 kila mmoja, ni dakika 120 kamili: muuguzi aliye peke yake usiku hamalizi, na mgongo wake ndio unaolipa. Kituo cha wazee chenye bajeti ya magodoro manne kianze na mawili, na msaidizi wa usiku.