TAHADHARI: "Prototaipu" za Gibson na Fender zinazouzwa mtandaoni, soma kabla hujatuma arbuni

Wadau wa magitaa, salaam. Kuna utapeli unaowalenga wapenzi wa magitaa ya zamani ya umeme, na sasa unawafikia hata wenzetu wa huku, hasa wenye ndugu Marekani au Uingereza wa kuwapokelea mzigo. Muuzaji hatangazi gitaa la kawaida. Anatangaza "prototaipu", yaani gitaa la majaribio lililotengenezwa kiwandani kabla modeli haijaingia sokoni, au la modeli ambayo haikuingia kabisa. Majina ya wauzaji hawa hubadilika kila mara, kwa hiyo kutaja moja hakumsaidii mtu. Kisichobadilika ni hadithi yao na namna wanavyodai pesa.

Hadithi huwa hivi. Marehemu babu alikuwa fundi wa Gibson kule Kalamazoo, Michigan, au wa Fender kule Fullerton, California. Alipostaafu akapewa gitaa la majaribio, likakaa darini miaka yote, sasa familia inagawana mirathi na inataka kuuza haraka. Bei si ya kutupa kiasi cha kukushtua. Flying V halisi ya 1958, gitaa la Gibson lenye umbo la herufi V, huuzwa mamia ya maelfu ya dola. Huyu anataka dola 9,000, na arbuni ya 1,500 "ili nilitoe kwenye tangazo".

Silaha yake ni lile neno. Ukimuuliza mbona skrubu si zenyewe, anakujibu ni prototaipu. Mbona hakuna namba ya mfululizo? Ni prototaipu. Mbona pikapu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, hazilingani? Prototaipu. Jibu linasikika kama la mtu anayejua, na wengi wananyamaza hapo. Msinyamaze. Gitaa la majaribio lilijengwa kwa mbao, poti (vile vifaa vya kuzungusha vya kurekebisha sauti), waya na laka zilizokuwapo kiwandani siku hiyo. Umbo lake linaweza kupishana na katalogi, lakini haliwezi kuwa na kifaa ambacho kilikuwa hakijatengenezwa bado. Kwa hiyo acheni kubishana naye kuhusu umbo. Mbaneni kwenye tarehe za vifaa.

Modeli wanayoipenda zaidi ni Gibson Moderne. Mwaka 1957 Gibson, chini ya rais wake Ted McCarty, iliomba hataza (haki za ubunifu, yaani patent) za maumbo matatu: Flying V, Explorer na Moderne. Mbili za kwanza zilitengenezwa. Kumbukumbu za kiwanda zinaonyesha Flying V 81 zilitoka 1958 na 17 mwaka 1959. Moderne ya miaka hiyo haijawahi kupatikana hata moja iliyothibitishwa. Gibson ilikuja kuitengeneza kwa mauzo mwaka 1982. Tapeli atakutumia mchoro wa hataza kama ushahidi, na mchoro ni wa kweli kabisa, mtu yeyote anaupakua bure. Unathibitisha kwamba umbo lilichorwa. Hauthibitishi kwamba gitaa lilijengwa, wala kwamba ni hilo alilolishika yeye.

Atakuambia pia kwamba mbao ni "korina" na kwamba korina haipatikani tena. Si kweli. Korina ni jina la kibiashara walilolipa Wamarekani mti wa limba, Terminalia superba, unaoota Afrika Magharibi hadi misitu ya Mayombe kule Kongo ya Chini. Unakatwa na kuuzwa hadi leo, na fundi yeyote mwenye pesa anaagiza ubao wake.

Sasa tuingie ndani ya gitaa, maana huko ndiko uongo unakofia. Mwambie afungue kifuniko cha nyuma, au bamba la mbele kama ni Fender, apige picha migongo ya poti za sauti na toni kwa karibu. Poti za Kimarekani zimegongwa tarakimu. Tatu za kwanza ni mtengenezaji: 137 ni CTS, 134 ni Centralab, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka, kisha mbili za mwisho ni wiki. Miaka ya 1950 mwaka uliandikwa kwa tarakimu moja, baadaye mbili. Basi 134715 ni Centralab, 1957, wiki ya 15. Na 1377325 ni CTS, 1973, wiki ya 25. Ukiikuta hiyo ya pili ndani ya "prototaipu ya 1957", ama poti imebadilishwa ama gitaa lote ni la uongo, na vyovyote vile hadithi ya "halijaguswa tangu babu" imekwisha.

Ila msikimbilie kushangilia mkiona namba sahihi. Poti inakuambia gitaa haliwezi kuwa la kabla ya tarehe hiyo. Haikuambii lilijengwa lini baada yake. Fender ilinunua poti nyingi sana mwaka 1966 na ikaendelea kuzitumia kwa miaka. Halafu tarakimu hizohizo ziko kwenye redio na amplifaya za zamani, na matapeli wanazinyofoa huko. Ndiyo maana namba pekee haitoshi, tazameni lehemu. Lehemu ya kiwandani ya miaka ile imefifia ikawa ya kijivu, vumbi limeshikamana nayo, na utomvu wa kulehemu (flux) uliobaki pembeni umekuwa wa kahawia na mkavu. Lehemu inayong'aa, alama mbili za kuyeyushwa juu ya mgongo mmoja, au waya wa kitambaa uliokatwa mwisho ukiwa mweupe safi ni kazi ya juzi. Tazameni pia mbao kuzunguka shimo la poti. Nati na washa zilizokaa miaka sitini huacha duara lililodidimia kwenye rangi; duara mbili zinazopishana maana yake poti nyingine ya ukubwa tofauti ilikaa hapo kabla.

Kifaa kingine cha kumkamata ni kalipa, kile kipimo cha vernier cha kupimia unene na vipenyo. Viwanda vya Marekani vilitumia inchi, wakati vifaa vingi vya Asia ni vya milimita, na ukiambiwa vipimo kamili utajua. Shingo ya poti ya Kimarekani inapopita kwenye mbao ni inchi 3/8, yaani karibu milimita 9.5, za milimita huwa 7 au 8. Poti za Kimarekani zenye mpini wa meno zina meno 24 membamba, za milimita zina 18 manene. Chuma cha ndani ya shingo ya Gibson hukazwa kwa nati ya inchi 5/16 iliyo kichwani chini ya kifuniko kidogo. Ukikuta tundu la ufunguo wa Alen hapo, mjadala umefungwa. Urefu wa uzi kutoka nati ya juu (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa, si nati ya kukaza) hadi daraja ni inchi 24¾ (milimita 628.65) kwa Gibson na 25½ (milimita 647.7) kwa Fender. Vipimo vya makaratasi na vya gitaa lenyewe hupishana kidogo, basi msimhukumu mtu kwa milimita moja.

Namba ya mfululizo. Gibson za ubao mzima (zisizo na uwazi ndani) za miaka ya 1950 zilipigwa muhuri wa wino nyuma ya kichwa, tarakimu ya kwanza ikiwa mwaka. Kuanzia 1961 namba zikagongwa ndani ya mbao. Maneno MADE IN USA yaliyogongwa hapo ni ya 1970 na kuendelea. Namba ya tarakimu nane ni ya 1977 na kuendelea: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka. 82765501 ni siku ya 276 ya 1985, mwaka mmoja baada ya kiwanda cha Kalamazoo kufungwa. Kwa Fender nyingi za zamani namba iko kwenye bamba la chuma linaloshika shingo kwa skrubu nne, na bamba hilo hubadilishwa kwa dakika tano. Usilipe hata senti kwa sababu ya bamba. Taka shingo ifunguliwe, uone kisigino chake na mfuko wake kwenye ubao. Tarehe ya penseli au ya muhuri huwa pale, na kingo za mfuko zinaonyesha kama laka imepuliziwa upya. Muuzaji anayesema "shingo ya prototaipu haifunguliwi" anasema uongo. Skrubu ziliwekwa ili ifunguliwe.

Kwenye pikapu, stika zinawapoteza watu wengi. Pikapu ya koili mbili ya Seth Lover, mhandisi wa Gibson, iliombewa hataza 1955, ikakubaliwa 1959 kwa namba 2,896,491. Kabla ya hapo, na hata miaka michache baadaye, zilibandikwa stika ya PATENT APPLIED FOR ("hataza imeombwa"). Stika zilizofuata, za mwanzoni mwa miaka ya 1960, zina namba 2,737,842, ambayo ni hataza ya mpiga gitaa Les Paul ya kishikio cha nyuzi, si ya pikapu hata kidogo. Kwa hiyo stika ya 2,737,842 haina mahali ndani ya gitaa la 1957. Na stika ya PATENT APPLIED FOR nayo huchapwa upya na kuuzwa rejareja, basi isikuleweshe.

Rangi. Laka ya nitro (nitroselulosi) iliyozeeka, ukiimulika gizani kwa tochi ya urujuanimno ya nanomita 365, hutoa mwanga wa manjano-kijani. Laka mpya hubaki nyeusi au ya zambarau, na pale mpya ilipokutana na ya zamani utaona mpaka kama ramani, mara nyingi shingoni chini ya kichwa ambapo magitaa huvunjika. Taka pia picha ya sehemu iliyofunikwa na bamba la mbele. Nyekundu ya Gibson ya 1958 hadi 1960 ilififia kwa jua, lakini chini ya bamba hubaki kali. Ubao uliofifia sawasawa kila mahali, hata palipofunikwa, umefifishwa kwa makusudi. Nyufa za laka zilizochorwa kwa wembe huwa zimenyooka na husimama kwenye ukingo wa kifaa. Za kweli hupita chini yake. Msimruhusu mtu ajaribu kwa asetoni: inayeyusha nitro, na kama gitaa ni halisi mtakuwa mmeliharibu.

Prototaipu za kweli zina nyayo. Gitaa ambalo fundi Paul Bigsby alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis mwaka 1948 liko kwenye jumba la Country Music Hall of Fame, Nashville. La majaribio la Leo Fender la 1949 linajulikana lilivyo: ubao wa msonobari, funguo tatu kila upande wa kichwa. Picha za wakati ule, jina la aliyelipiga, barua ya kiwanda yenye tarehe, risiti ya bima ya zamani: kimoja kati ya hivi lazima kiwepo. "Cheti cha uhalisi" kisicho na picha za ndani ya gitaa hilohilo ni karatasi tu. Kikiwa na jina la duka, tafuta namba ya duka mwenyewe, usitumie iliyo kwenye cheti, piga, uliza kama wamewahi kulifungua gitaa hilo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha gitaa lipo. Chagua neno lolote la Kiswahili, mwambie aliandike kwenye karatasi pamoja na tarehe ya leo, aliweke ndani ya tundu la pikapu apige picha. Kisha taka video moja isiyokatwa, kuanzia kichwani hadi ndani ya tundu la nyaya. Picha za tangazo zitafute kwa picha mtandaoni, maana nyingi zimeibwa kwenye minada iliyopita. Hesabu nyuzi na funguo: picha zilizotengenezwa na kompyuta mara nyingi zina nyuzi sita na funguo tano, au skrubu zisizo na tundu.

Pesa sasa. Baada ya arbuni huja "bima inayorudishwa", kisha ada ya forodha, kisha ada ya kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Hapo kwenye kibali sikilizeni vizuri. Rosewood ya Brazili, Dalbergia nigra, iko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES tangu 1992, na gitaa lenye ubao wa vidole wa mti huo haliuzwi nje ya nchi bila kibali. Msamaha uliotolewa 2019 kwa ala za muziki uliwahusu ndugu zake wengine, ukiwamo mpingo wetu, si huo. Marekani kibali huombwa na anayesafirisha kwa U.S. Fish and Wildlife Service, kabla mzigo haujaondoka. Anayekudai ada ya CITES kwa pesa ya simu, kadi za zawadi au sarafu za kidijitali anakuibia. Na anayeandika "Brazilian rosewood" halafu akasema atalituma kimyakimya, hata akiwa mkweli, gitaa linaweza kukamatwa na usirudishiwe kitu.

Lipeni kwa njia yenye haki ya kurudishiwa. Kwa PayPal ni malipo ya bidhaa, kamwe si ya "marafiki na familia". Wakala wa kushikilia pesa mchague nyinyi, anwani ya tovuti yake mwiandike kwa mkono, msibonyeze linki aliyotuma muuzaji. Ndugu aliyeko kule aende na tochi, kalipa na bisibisi, alifungue gitaa mezani kabla pesa haijatoka. Muuzaji halisi wa kitu cha thamani hiyo huwa amezoea ombi hilo.

Aliyekwishatuma pesa: piga benki leo hii, usisubiri ahadi ya kesho, maana uhamisho ambao haujakamilika bado unaweza kuzuiwa. Usimwambie tapeli kwamba umemshtukia mpaka umehifadhi mazungumzo yote, picha, namba ya akaunti na anwani ya tangazo, kwa sababu atafuta kila kitu. Kwa aliyeko Marekani, ripoti hupelekwa IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Na akitokea mtu inboksi anayesema anaweza kukurudishia pesa yako kwa ada kidogo, mblok. Mara nyingi ni yuleyule, au ameuziwa jina lako naye.