Tredimili ya mtumba niliyoifufua: miezi 14 baadaye

Daktari aliponiambia nitembee nusu saa kila siku kwa ajili ya sukari, niliitikia vizuri huku nikijua fika kwamba barabara ya kwetu Goba mwezi wa nne haitembeleki. Ndivyo nilivyojikuta kwenye banda la mitumba, mbele ya tredimili, ile mashine ya kutembea na kukimbia ndani ya nyumba, ya Marekani ya mwaka 2006, toleo lililoacha kutengenezwa zamani. Laki nne na nusu. Muuzaji akaiwasha, mkanda ukazunguka, nikalipa. Hakuna aliyepanda juu yake, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Nyumbani, kila mguu ulipotua mkanda ulisita, kisha ukashtuka kwenda. Baada ya dakika tano, harufu ya kuungua.

Nianze na umeme, maana hapo ndipo wengi huziua mashine hizi siku ya kwanza. Kibati cha nyuma kiliandikwa volti 120, ampea 12. Umeme wetu ni volti 230. Ukibadilisha plagi tu ukachomeka ukutani, unaweza kuiunguza bodi, yaani sakiti inayoendesha mota, kabla hujafunga kamba za viatu. Muuzaji alikuwa ameiwasha kwa transfoma yake, na hakusema mpaka nilipouliza waya ule mnene unaelekea wapi. Volti 120 mara ampea 12 ni wati 1,440. Nilinunua transfoma ya wati 3,000 Kariakoo, kwa kuwa mota inapoanza huvuta zaidi. Laki tatu na themanini, na inavuma kama friji la zamani. Iingize kwenye hesabu kabla hujapatana bei.

Fundi wa kwanza alimimina oili ya gari chini ya mkanda, akapokea elfu thelathini yake, akaaga. Siku mbili mashine ilienda kama maji. Ya tatu ikarudi kulekule, safari hii na vumbi lililogandamana mpaka kwenye rola. Mkanda ule unataka mafuta ya silikoni tupu. Oili ya injini inauharibu.

Fundi wa pili ni kijana anayesuka mota Gerezani. Alichomoa waya ukutani, nami nilipotaka kufuta vumbi ndani akanizuia: "Mama, subiri kwanza, kapasita bado ina moto," yaani kile kipuri kinachotunza umeme hata waya ukichomolewa. Tulikaa dakika kumi tukinywa chai. Kisha akapitisha kiganja chini ya mkanda, kikatoka cheusi tii. Akanieleza kwamba mkanda ukiwa mzito mota huvuta umeme mwingi, na bodi nayo hupata joto kali. Bodi yenyewe, ya toleo hili, haitengenezwi tena.

Vingine karibu vyote, kumbe, vinapatikana. Mkanda mdogo unaotoka kwenye mota kwenda kwenye rola uliandikwa 190J6. Nilidhani ni jina la mashine. "Hiyo saizi, mama. Urefu inchi 19, mistari sita." Beringi za rola zilikuwa 6203, tukazipata kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ndizo zilizokosekana, basi akanunua za grainda, kubwa kidogo, akatandika msasa sakafuni na kuanza kuzisugua. Kila baada ya muda anaijaribu moja kwenye tundu lake la mota: ikikwama, anaisugua tena, akiogopa kupitiliza, anasugua mara mbili tu na kupuliza unga. Karibu saa nzima kwa vipande viwili vidogo kuliko kifundo cha kidole. Zisikwame, zisicheze.

Ubao ulio chini ya mkanda ulikuwa umechujuka upande wa juu, lakini chini ulikuwa bado unang'aa, akaugeuza. Si mashine zote zinaruhusu hilo, angalia kwanza. Mkanda wa kukimbilia tuliuosha kwa sabuni ya maji, tukauanika kivulini. Ufunguo wa usalama haukuwepo tangu dukani. Kwenye mashine nyingi ndani yake huwa ni sumaku tu, kwa hiyo nilichukua ya mlango wa friji, nikaifunga kamba yenye kibanio cha kubana kwenye nguo.

Kazi na vipuri, laki moja na arobaini. Ukijumlisha na mashine, transfoma na elfu thelathini ya yule fundi wa kwanza, milioni moja kamili.

Tangu hapo naishughulikia mwenyewe: silikoni kila baada ya miezi mitatu, na elikii (ufunguo wa boliti wenye umbo la L) mkanda ukihama. Ukienda kushoto, kaza boliti ya nyuma ya kushoto kwa robo mzunguko, acha uzunguke dakika mbili, ndipo uamue kama unaongeza. Niliwahi kuongeza kwa hasira, ukahamia kulia hadi ukaanza kujichana.

Ningenunua nyingine? Ndiyo, ila ningepanda na viatu vyangu palepale bandani, na ningekagua bodi na kioo cha namba kabla ya chochote. Vipuri vyenye namba ya saizi havinitishi tena.

Mota ya kunyanyua mlima, ile inayoinua mbele ya mashine, tumeichomoa. Ilitengenezwa kwa umeme wa hezi 60 (mapigo kwa sekunde), wetu ni 50, na transfoma hushusha volti tu, haibadilishi hezi. Ilikuwa ikipanda polepole huku inachemka. Kioo nacho kinahesabu maili, na tarakimu ya mwisho imepoteza kijistari cha juu kulia, kwa hiyo nane inasomeka sita. Nikiona 1.6 naangalia saa ya ukutani kwanza, ndipo nijue kama nashuka au naendelea.