Nyumba ya Muyeye ya waliotoka gerezani: mdogo wangu alikaa miezi mitano

Mdogo wangu alihukumiwa miaka mitatu, akapunguziwa thuluthi kama sheria ya magereza inavyoruhusu, akatoka Gereza la Malindi baada ya miwili. Kwangu ni chumba kimoja, mimi na wanangu watatu. Afisa wa probesheni alituelekeza kwa kikundi kidogo kilichopanga nyumba mtaa wa Muyeye, Malindi, kwa pesa za mfadhili.

Nyumba ni ya kawaida: vyumba vinne, watu wawili kila chumba, kisima uani. Magodoro ni safi, neti hazina matundu, na kupika ni kwa zamu.

Kilichonigusa zaidi ni kitabu cha risiti. Kila mkaaji hutoa shilingi 500 kwa mwezi, hata akizipata kwa kubeba mizigo sokoni, na mzee msimamizi humwandikia risiti kwa majina yake matatu, tarehe na sahihi. Mwanzoni nilidhani ni tamaa. Nilimkosea mzee yule. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, unalipia shilingi 1,050, na kikitoka kinaonyesha kifungo. Ukiulizwa kazini umekwisha. Mdogo wangu alipokwenda kutafuta chumba mtaa wa Barani, alitoa mfukoni risiti tano alizozikunja ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe jasho. Mama mwenye nyumba alizisoma moja moja kwa kidole. "Mwanangu, hukuruka mwezi hata mmoja?" Hakuuliza lingine. Alimpa ufunguo.

Lawama yangu ni kwa masharti ya ruzuku, kikundi sikilaumu. Pesa huja kwa awamu, na awamu ya pili ilichelewa wiki saba, mwenye nyumba akawa kila Ijumaa yuko mlangoni. Semina ya biashara ilikuwa na fungu lake, chai na vijitabu. Choo kilipojaa hapakuwa na fungu. Wakaaji walichanga wenyewe kuita gari la kunyonya. Jamani, anayetoka jela anahitaji kodi na diposti kabla ya semina yoyote. Mfadhili na aje akae uani na wale vijana, bajeti iandikwe wakiwepo.

Nafasi ni nane tu. Mwenye mtu anayekaribia kutoka amwone afisa wa probesheni mapema. Sisi tulichelewa, mdogo wangu akalala wiki tatu sakafuni kwangu, miguu chini ya meza ya jiko.