Kocha wa kulipia au mlezi wa kazini?

Ukikwama kazini, wapo watakaokwambia utafute kocha, yaani mtu unayemlipa akusaidie kupanga malengo yako ya kazi, na wapo watakaokwambia umwone mlezi, yaani mkubwa aliyekutangulia kwenye fani. Hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Kocha hakupi majibu, anakuuliza. Wengi hufuata mtindo wa GROW, uliopata umaarufu kupitia Mwingereza John Whitmore: lengo lako ni lipi, hali ikoje sasa, njia zipi zipo, utafanya nini na lini. Ukisema "nataka kupanda cheo", anakubana: cheo kipi, na bosi wako ameshakusikia ukikitaja? Unatoka na kazi ya kufanya wiki hiyo, si hamasa tupu. Shida ni kwamba yeyote anaweza kujiita kocha. Muulize cheti. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, linadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi na wateja kwa ngazi yake ya kwanza, ACC. Akikwepa swali hilo, usitoe hela.

Mlezi hakutozi kitu, na anajua ya ndani: nani anaajiri, mshahara gani uutaje bila woga. Ila atakuelekeza njia aliyopita yeye.

Kwa anayeanza kazi, nasema mlezi kwanza. Kocha mweke kwa wakati ule unapoimudu kazi lakini hujui unaelekea wapi. Na kama usingizi umekukimbia na huzuni haikuachi, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, si kwa hawa.